Merikani: Kitambaa, Viwanda na Wahamiaji wa Marekani, 1840–1924

Wengi wetu tuliolelewa na mabibi wa Unguja, Pemba au Lamu tumelisikia neno merikani: kitambaa kizito cha pamba, kisichotiwa rangi, kilichovaliwa pwani na kilichopelekwa bara na misafara kikatumika kama fedha. Kwamba kilitoka Marekani, jina lenyewe linasema. Lakini nani alikifuma? Katika makala haya tunakifuata kitambaa hicho mpaka kilikotoka, kwani khabari za mafundi wake zinatuhusu sisi tulio Maskati, Dubai, London na Toronto kuliko tunavyodhani.

Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo, Richard Waters wa mji wa Salem, alifika Unguja. Tarehe 30 Aprili 1840 merikebu ya Sayyid, Sultana, ikatia nanga New York ikiwa chini ya Ahmad bin Naaman. Ilibeba tende, kahawa, pembe, karafuu na ngozi, na iliporejea ilichukua, pamoja na vitu vingine, marobota ya merikani.

Kitambaa hicho kilifumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, vikiwamo vile vya mji wa Lowell. Wafumaji wa mwanzo walikuwa mabinti wa wakulima wa majimbo ya jirani. Baada ya njaa ya Ireland iliyoanza mwaka 1845, nafasi zao zilishikwa na Wairishi, wakafuata Wakanada wasemao Kifaransa, kisha Wagiriki na Wapolandi. Kila kundi jipya lilipokewa kwa ujira mdogo na kudharauliwa na waliotangulia, ambao nao walidharauliwa vivyo hivyo walipofika.

Hapa pana jambo ambalo hatuna haki ya kulinyamazia. Mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861–1865, pamba ya viwanda hivyo ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Na huku kwetu, merikani hiyohiyo ilinunulia pembe na watu huko bara. Kitambaa kimoja kilipita katika utumwa mara mbili, na mara ya pili mikono yetu ilikuwemo.

Baada ya vita hivyo Marekani ilikua kwa kasi isiyowahi kuonekana: reli, chuma, makaa ya mawe, nguo. Viwanda vilihitaji watu, na watu walikuja. Kati ya 1880 na 1920 waliingia zaidi ya milioni 20, wengi wao kutoka Italia, dola ya Urusi na dola ya Austria na Hungaria. Kituo cha Ellis Island kilichofunguliwa New York tarehe 1 Januari 1892 kilipitisha watu wapatao milioni 12 mpaka kilipofungwa mwaka 1954. Waliofukuzwa nyumbani na njaa au mateso walikuwa wengi, na waliokuja kwa kuitwa na ndugu waliotangulia walikuwa wengi pia. Kwa hilo hatuhitaji kufundishwa. Ndivyo na sisi tulivyofika tulipo.

Waarabu nao walikuwemo. Walitoka khasa Mlima Lebanon na Syria, wakati huo chini ya Waturuki, wakakaa mtaa wa Washington huko New York. Mwaka 1892 walianzisha hapo gazeti la Kiarabu, Kawkab America. Baadhi walitembeza bidhaa mashambani, na wengine waliingia viwandani.

Miongoni mwa hao wa viwandani walikuwa Wasyria wa Lawrence, mji ulio jirani na Lowell. Januari 1912 sheria ya jimbo ilipunguza saa za kazi kutoka 56 hadi 54 kwa wiki, na wenye viwanda wakakata ujira kwa kadiri hiyo. Watu ambao wastani wa ujira wao haukufika dola 9 kwa wiki walifungua bahasha wakakuta senti 32 zimepungua. Kwa bei ya siku hizo, hiyo ilikuwa mikate kadhaa. Wanawake wa Kipolandi walizima mashine wakatoka, na baada ya siku chache wagomaji walizidi 20,000. Mikutano ilitafsiriwa kwa lugha nyingi, na kila taifa lilikuwa na wajumbe wake kwenye kamati. Mwanamke wa Kiitalia, Anna LoPizzo, aliuawa kwa risasi. Siku iliyofuata kijana wa Kisyria, John Rami, alichomwa singe na askari akafa. Mwezi Machi wenye viwanda walikubali kuongeza ujira.

Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Marekani ilipona kwa wageni hawa, kisha ikaanza kuwachagua. Wachina walikuwa wameshazuiwa tangu 1882. Wasyria walilazimika kwenda mahakamani kuthibitisha kwamba ni weupe, kwani sheria ya uraia iliwataka wawe weupe au wenye asili ya Afrika. Mwaka 1915 George Dow alishinda kesi hiyo kwenye rufaa. Ndipo ikaja sheria ya 1924, iliyoweka idadi maalumu kwa kila nchi kwa kufuata sensa ya 1890, yaani kabla Waitalia na Wayahudi wa Urusi hawajawa wengi. Syria na Lebanon zilipewa watu 100 kwa mwaka. Katika orodha zilizofuata Maskati nayo ilitajwa kwa jina, ikapewa 100, na Tanganyika 100.

Nchi ambayo mwaka 1840 ilimpokea Ahmad bin Naaman kwa heshima ilituandikia idadi isiyojaza hata jahazi moja kubwa.

Tunayaandika haya tukijua kwamba sisi tumekuwa pande zote mbili. Tuliwahi kuwa wenyeji kwa watu waliokuja kutufanyia kazi, na leo wengi wetu ni wageni. Basi anayekumbuka bibi yake akikunja merikani amuulize, akiwa bado hai, ilinunuliwa wapi na kwa nini kilitolewa. Majibu hayo yaandikwe, na majina yaandikwe pia. Wafumaji wengi wa Lowell hatuwajui kwa majina, na wapagazi waliokibeba kitambaa chao mpaka Tabora na Ujiji hatuwajui vilevile.