Shoku za Mbele za Boda boda Marereni
Boda boda zinazoingia mashamba ya chumvi Marereni hufa shoku za mbele mapema. Chumvi hula bomba linaloteleza. Likiota kutu hukwaruza sili, oili ikavuja, mara nyingine hadi kwenye breki, na hapo ni roho za watu. Basi kabla ya kutaka shoku ngumu, safisha bomba, badilisha sili. Likishachimbika, libadilishe pia. Kisha tia oili mpya ya shoku, nzito kidogo, kipimo sawa pande zote mbili. Oili hupenya matundu madogo ndani, ikapunguza kasi ya springi. Wapo mafundi wanaojaza hadi juu. Hewa ikikosa nafasi, sili hufumuka. Ikigonga chini bado, tafuta springi ngumu zaidi. Jioni osha kwa maji matamu.