Fundi wa farasi aliyepewa medali kubwa ya Uingereza, kisha akanyang'anywa

Katika jeshi la zamani la Uingereza, farasi ndiye alikuwa gari. Alivuta mizinga, akabeba chakula na majeruhi. Kwa hiyo kila kikosi kilikuwa na mafundi wa kuvika farasi viatu vya chuma na kutibu kwato. Mmoja wao alikuwa Michael Murphy, mzaliwa wa Tipperary huko Ireland.

Tarehe 15 mwezi wa 4 mwaka wa 1858, Murphy alikuwa India, katika kikosi cha usafirishaji kilichowafuatia wapiganaji wa Kunwar Singh kutoka Azimghur. Afisa mmoja, Luteni Hamilton, alijeruhiwa, akaanguka toka juu ya farasi na kuzungukwa na adui. Murphy alimkimbilia, akapigana kwa upanga. Yeye mwenyewe alijeruhiwa vibaya, lakini hakutoka karibu na Hamilton hadi msaada ulipofika. Hamilton hakupona majeraha yake.

Mwaka wa 1859 Murphy alitangazwa kupata Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa, pamoja na pensheni ya pauni 10 kwa mwaka. Mwenzake Samuel Morley, aliyepigana kando yake siku ile, alisahaulika. Morley alilalamika, naye akapewa yake mwaka wa 1860.

Murphy alipanda cheo hadi kuwa mkuu wa mafundi wa farasi. Lakini mwaka wa 1872 alihukumiwa kwa kuiba chakula cha farasi: shayiri, lita kama 360, na nyasi kavu zisizofika kilo 3. Alifungwa, na jina lake likafutwa katika orodha ya mashujaa. Pensheni nayo ikaenda. Alikufa huko Darlington mwaka wa 1893.

Watu wanane kwa jumla walinyang'anywa nishani hiyo, wa mwisho mwaka wa 1908. Mwaka wa 1920 Mfalme George wa Tano alipinga desturi hiyo. Kwake, hata mtu anayekwenda kunyongwa kwa kuua angepaswa kuruhusiwa kuvaa msalaba wake. Tangu hapo hakuna aliyenyang'anywa tena, na leo Murphy anahesabiwa kati ya waliopewa.

Mwizi huadhibiwa kwa wizi wake, na kifungo kilitosha. Damu aliyomwaga kando ya Hamilton haikuwa ya kuibwa.