Kaniki, Samawati na Buluu: Historia ya Rangi Moja katika Kiswahili

Makala haya yanakusudia kuchunguza majina ya rangi ya buluu katika Kiswahili, na kuonyesha kwamba suala hili, ingawa huonekana dogo, lina uzito katika kazi ya kuunda istilahi. Sokoni Thika au Ruiru muuza vitambaa husema "bluu". Mwalimu wa shule iliyo jirani huandika "samawati". Wote wawili wasema Kiswahili, lakini kila neno limeingia kwa mlango wake.

Yatupasa kuanza na mashina. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyochukua viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Kikuyu, lugha ya wenyeji wa Thika, nacho kina -erũ, -irũ na -tune. Rangi nyingine Kiswahili kimezitaja kwa vitu: kijani kwa majani, manjano kwa kiungo cha mchuzi, kahawia kwa kahawa, kijivu kwa jivu. Mwaka 1969 Berlin na Kay walidai kwamba lugha zote hupata majina ya rangi kwa utaratibu mmoja, buluu ikitanguliwa na nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na manjano. Anayeusoma utaratibu huo kama ngazi ya maendeleo ataiona lugha isiyo na shina la buluu kuwa imechelewa. Hapo ndipo tunapotofautiana naye.

Ushahidi wetu ni kaniki. Katika karne ya 19 nguo hii ya pamba, iliyotiwa nili, ilichukuliwa na misafara kutoka pwani hadi bara. Richard Burton aliieleza kuwa ya buluu. Lakini katika uganga wa pepo kaniki husimama pamoja na bafta nyeupe na bendera nyekundu, nayo huhesabiwa kuwa ndiyo nyeusi. Jicho la mganga halina upofu; neno nili, lenye asili ya Kisanskriti, limo katika lugha yake. Apangacho mganga ni maana, wala si mwanga. Kwa hiyo buluu iliyoiva haikukosa mahali katika Kiswahili: ilikaa ndani ya weusi.

Samawati ina historia nyingine. Kwa Kiarabu neno hili ni mbingu, kwa wingi, nalo lina harufu ya ibada. Sayansi nayo imeongeza jambo: mwaka 1871 Rayleigh alieleza kwamba anga haina rangi yake yenyewe, ila mawimbi mafupi ya mwanga wa jua hutawanywa kuliko yaliyo marefu. Basi nili ni jina la kitu kinachoshikika, na samawati ni jina la kisichoshikika. Buluu, mkopo wa Kiingereza, haina uzito wa ibada wala wa uganga.

Je, tofauti hizi zina faida leo? Zanzibar ina Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi. Kenya husikika pia "uchumi samawati". Hapo hapana hasara, kwani bahari yaeleweka kwa majina yote mawili. Lakini tazama nishati. Septemba 2023 Kenya ilizindua mkakati wa haidrojeni ya kijani, yaani ile itokanayo na maji yaliyotenganishwa kwa umeme wa nguvu jadidifu. Haidrojeni ya buluu hutokana na gesi asilia, kaboni yake ikinaswa na kuhifadhiwa ardhini. Mfasiri akiiita hii ya pili "haidrojeni samawati", atakuwa ameivika vazi la mbinguni bidhaa ya kisima cha gesi, na msomaji atadhani ndiyo iliyo safi kupita zote.

Kwa hiyo twapendekeza samawati ibaki jina la rangi ya anga, buluu iwe istilahi ya kitaalamu, na kamusi zetu zisiifasiri kaniki kwa "nyeusi" pekee bila kuitaja nili iliyomo.