Kemia ya Hesabu na Haki ya Wanafunzi wa Masisi na Walikale

Rubaya, wilayani Masisi katika Kivu Kaskazini, mashariki ya Kongo, inajulikana ulimwenguni kwa koltani yake, na Bisie, ndani ya misitu ya Walikale, kwa kasiteriti itoayo bati; walakini ni wachache waliopata kuelezwa kwamba madini hayo yamefungamana na tarikhi ya ilimu moja kubwa ya zama zetu, nayo ni kemia ifanywayo kwa hesabu za kompyuta, ambayo leo hutumiwa kusomesha wanafunzi katika vyuo na shule za nchi nyingi.

Habari yenyewe huanzia katika elementi mbili zilizomo katika koltani. Mwaka 1801 Mwingereza Charles Hatchett alitangaza kuwa ameona elementi mpya katika jiwe lililotoka Marekani. Mwaka uliofuata Anders Gustaf Ekeberg wa Sweden akaigundua tantalamu. Na mwaka 1809 William Hyde Wollaston akahukumu, kwa kukosea, kwamba mbili hizo ni kitu kimoja. Upotofu huo haukuondoka mpaka Heinrich Rose wa Ujerumani alipobainisha mwaka 1844 kuwa ni elementi mbili, akaiita ile ya Hatchett niobiamu, na mpaka Marignac wa Geneva alipopata mwaka 1866 njia ya kuzitenganisha. Wataalamu hao walitaabika kwa sababu ambayo mizani na tindikali zao hazikuweza kuifichua: atomu ya niobiamu ina elektroni 41 na ya tantalamu ina 73, lakini elektroni za tabaka la ndani la tantalamu hazizuii vya kutosha mvuto wa kiini chake, hata atomu hiyo nzito ikajikunja na kuwa na ukubwa ulio karibu sawa na wa mwenzake. Ndiyo maana zote mbili hukaa pamoja katika jiwe moja la koltani.

Njia ya kuyahesabu mambo hayo ilifunguka mwaka 1926, Erwin Schrödinger alipotoa mlinganyo wa mwendo wa elektroni, na mwaka 1927 Walter Heitler na Fritz London wakautumia kueleza jinsi atomu mbili za haidrojeni zinavyoungana. Paul Dirac akasema mwaka 1929 kwamba kanuni za kemia zimekwisha kujulikana, ila milinganyo yake ni migumu mno kutatuliwa; na ugumu huo ndio uliowafanya watu waelekee kwenye mashine. Kompyuta hukisia mahali elektroni zilipo, huhesabu nguvu zinazosukumana na kuvutana, husahihisha kisio lake, kisha hurudia tena na tena hata jawabu lisibadilike. John Pople alitoa programu ya Gaussian mwaka 1970, ilhali Walter Kohn na wenzake walikwisha kuweka, mwaka 1964 na 1965, msingi wa njia nyepesi zaidi. Wawili hao wakatunukiwa Nobeli ya kemia mwaka 1998.

Wakati huo huo mashine zilikuwa zikipungua ukubwa, na katika sababu za kupungua huko mojawapo ni kapasita za tantalamu, ambazo huhifadhi umeme mwingi mahali padogo. Na viungo vya saketi hulehemiwa kwa bati.

Mafunzo nayo yakaenea. Abdus Salam wa Pakistan aliasisi mwaka 1964 kituo cha fizikia mjini Trieste, Italia, kwa ajili ya wataalamu wa nchi maskini, na katika mji huo huo ikakua programu ya Quantum ESPRESSO, ambayo hutolewa bure. Mwaka 2010 ilianza Cape Town shule ya Afrika ya hesabu za elektroni, ambayo mwaka 2012 ilikutana Eldoret, nchini Kenya. Na mwaka 2018 tawi la kituo hicho cha Trieste likafunguliwa Kigali, nchini Rwanda, nchi inayopakana na Kivu. Kwa shule za sekondari, Chuo Kikuu cha Colorado kimetoa tangu mwaka 2002 majaribio ya kompyuta yaitwayo PhET, yanayoweza kupakuliwa na kutumiwa pasipo intaneti.

Haidhuru tukisema kwamba kompyuta haitoshi kuwa badala ya maabara. Mwanafunzi lazima alinganishe hesabu na kipimo, kama vile pembe ya molekuli ya maji, ambayo ni nyuzi 104.5, asije akaiamini skrini kuliko maumbile. Lakini palipo na vita, na watu wakihamahama, na Rubaya ikiwa imetwaliwa na waasi wa M23 mwezi wa Aprili 2024, kompyuta ndogo inayotiwa umeme kwa nishati ya jua huweza kubebwa, ilhali chupa na tindikali aghalabu hubaki nyuma.

Wataalamu wa Hannover, Ujerumani, wamebuni njia ya kutambua machimbo ya asili ya koltani kwa kulinganisha vilivyomo katika chembe zake na kumbukumbu za sampuli nyingi. Hukumu ya namna hiyo yagusa riziki ya wachimbaji wa Masisi, nayo husimama juu ya kemia na hesabu. Kwa hiyo ni faradhi ya serikali, ya vyuo vya Goma na ya wanaochuma faida katika madini haya, kuwapatia wanafunzi wa Masisi na Walikale vyombo na walimu, hata wawe na uwezo wa kuihakiki hukumu hiyo wenyewe, na kuipinga kwa hoja itakapokosea.