Kuagana kwa Kigujarati Chini ya Milima ya Uluguru

Zamani reli ilipokuwa haijafika, mji wa Morogoro, ulio chini ya milima ya Uluguru, ulijulikana kwa boma la Kisabengo, yule Mzigua aliyejijengea himaya njiani mwa misafara, na wasafiri waliotoka Bagamoyo kuelekea Unyanyembe, akiwamo Henry Morton Stanley mwaka 1871, waliuona na kuuandika kwa jina la Simbamwene. Vitambaa, shanga na nyaya walizobeba wapagazi wa misafara hiyo aghalabu zilitoka katika maghala ya matajiri wa Kihindi wa pwani, kama Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo, aliyefariki mwaka 1897, na daftari za wafanyabiashara hao ziliandikwa kwa Kigujarati; hata yaweza kusemwa kwamba bidhaa za Wagujarati ziliyazoea mawe ya Uluguru kabla wenyewe hawajazoea kuishi huko. Walipokuja kwa wingi ilikuwa ni baada ya Wajerumani kuanza kutandika reli Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Morogoro mwaka 1907, kwani penye stesheni palihitajika duka, na katika Mikese, Ngerengere, Kimamba na Kilosa, kama katika Morogoro yenyewe, taa ya duka la Mhindi iliwaka usiku.

Wenye maduka hayo hawakuwa watu wa namna moja, ijapokuwa wenyeji waliwaita wote kwa jina moja. Walikuwamo Makhoja Waismailia na Makhoja Waithnaasheri, Mabohora, na Wahindu wa jamaa za Lohana na Patel. Wengine asili yao ilikuwa Kutch, ambao nyumbani walinena Kikachi, lugha iliyo jirani na Kisindi, wakatumia Kigujarati katika kuandika na katika skuli, na wengine walitoka Kathiawar na sehemu nyingine za Gujarati. Desturi moja niipendayo zaidi kati ya zao, nayo haikuandikwa sana, ni namna walivyoagana.

Mgujarati anapoinuka kwenda zake, mara nyingi hutanguliza neno *chalo*, yaani haya basi, ili mwenyeji ajue kwamba mazungumzo yamefika mwisho, na wala hasimami ghafula kama mtu aliyechukizwa. Kisha hutamka *aavjo*, na mwenyeji wake humrudishia neno lile lile. Maana yake ni njoo, au njooni, nalo limewekwa katika umbo la heshima, lile alitumialo mtu kwa mzazi, kwa mkwewe, kwa mgeni, na kwa kila astahiliye taadhima. Umbo la kumwambia mtoto, mdogo wako au rafiki wa chanda na pete ni *aavje*. Anayekosea akamwambia mzee *aavje* amemshusha, na anayemwambia mtoto wake *aavjo* huweza kuonekana amemtenga. Baada ya neno lenyewe hufuata jina la udugu, kwani mtu haachwi peke yake katika sentensi: *aavjo bhai* kwa mwanamume, *aavjo ben* kwa mwanamke, *aavjo kaka* kwa baba mdogo au kwa mzee wa makamo ya baba mdogo, *aavjo masi* kwa dada wa mama na walio kama yeye.

Msomaji wa Kiswahili ataona upesi kwamba jambo hili si geni kwake. Mwenyeji wa pwani, mgeni anapoondoka, humwambia karibu tena, na hiyo ndiyo roho ya *aavjo*. Tofauti ni kwamba Mgujarati husema hivyo hata yeye mwenyewe anapokuwa mgeni, akimwalika mwenyeji wake kwake. Katika kauli hiyo kuna adabu kubwa, kwa sababu anayeaga hakiri kwamba ameondoka. Wengi wao hawapendi hata kutamka kwamba mimi ninakwenda, na badala yake husema *hun aavun chhun*, yaani ninakuja. Na kumuuliza aliyeinua mguu kwamba waenda wapi ni mkosi kwao. Kadhalika katika nyumba ya msiba wengi hulikwepa neno *aavjo*, maana nani amwalike mtu arudie kilio?

Dini nazo ziliweka alama zake. Wahindu wengi wa Kigujarati huagana kwa *Jai Shri Krishna*, maneno yale yale waliyokutana nayo, na wafuasi wa Swaminarayan husema *Jai Swaminarayan*. Waislamu wao wengi wana *Khuda hafiz*, kwa Kiajemi Mungu akulinde. Waismailia husema *Ya Ali Madad*, nao hujibiwa *Mowla Ali Madad*. Kwa hiyo mwenye duka aliyekaa barazani Morogoro alijua, kwa namna alivyoagwa, ni nani aliyemuaga, wa jamaa gani, na wa heshima ya kiasi gani.

Nadhani sababu ya neno la kuondoka kuwa neno la kurudi imo baharini. Vyombo kutoka Mandvi na Porbandar vilikuja na kaskazi na kurudi na kusi, na anayeagana na mwanawe katika bandari ya Kutch alijua kwamba hatamwona kabla pepo hazijabadilika, na pengine hatamwona abadan. Ambaye angesema kwa maneno kwamba umekwenda, angeutia moyo wake jeraha; basi akasema njoo. Hata meli za Bombay zilipochukua mahali pa majahazi, kumsindikiza msafiri hadi chomboni, ambako huitwa *valavva*, kulibaki faradhi, na watu wa Morogoro waliwasindikiza jamaa zao hadi stesheni, gari moshi likienda Dar es Salaam na bandarini. Waluguru nao, ambao mwenyeji humtoa mgeni wake hadi penye njia kuu, waliielewa sheria hii bila kuelezwa, na wanawake wa Mgeta walioshuka kutoka milimani na mboga sokoni walilisikia neno *aavjo* kila siku vibarazani.

Isidhaniwe kwamba lugha ya Kigujarati ilipewa heshima iliyoistahili na serikali. Mwaka 1923 sheria za ushuru na leseni Tanganyika ziliwadhiki wafanyabiashara wa Kihindi, na miongoni mwa mambo waliyolalamikia ni kuzuiwa kuweka daftari kwa Kigujarati. Maduka yao yakafungwa majuma mengi kwa mgomo ulioitwa hartal.

Baada ya uhuru, Morogoro ilimchagua Amir Jamal, aliyezaliwa Mwanza mwaka 1922 katika ukoo wa Kigujarati, awe mbunge wake, naye akawa waziri wa Mwalimu Nyerere kwa miaka mingi. Jambo hilo lapasa kukumbukwa na kila adhaniye kwamba Wagujarati walikaa nchini kama wapita njia. Lakini Azimio la Arusha la mwaka 1967, kisha sheria ya 1971 iliyotwaa majumba yenye thamani kubwa na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, vilibadili hali ya mji. Wengi waliofanya biashara chini ya Uluguru walihamia Dar es Salaam, Uingereza na Kanada, na Jamal mwenyewe alifariki Vancouver mwaka 1995. *Aavjo* iliyosemwa stesheni katika miaka hiyo ilisemwa kwa wengi ambao hawakurudi, na neno likawa halitimii.

Wapo waliobaki, na vijana wao leo huagana kwa Kiswahili, kwa Kigujarati kilichochanganyika, au kwa neno la Kiingereza lisilobagua mzee na mtoto. Wazee wajuao tofauti ya *aavjo* na *aavje* wanapungua. Ewe msomaji uliye Morogoro, ikiwa unamjua mzee wa duka aliyezoea kuagana hivyo, mwendee, umwulize aliwaaga vipi wazazi wake, jirani zake wa Kiluguru na wateja wake, na uyaandike majibu yake angali hai.