Hukumu ya Nairobi na Dawa Zinazofika Ifakara

Tarehe 20 Aprili 2012, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu ya Kenya alitoa hukumu katika shauri namba 409 la mwaka 2009. Walalamikaji walikuwa raia watatu wanaoishi na VVU; mlalamikiwa alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kwa jina lilikuwa shauri la Katiba, lakini kiini chake kilikuwa hataza.

Mwaka 2000, dawa za kufubaza VVU ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Februari 2001, kampuni ya Cipla ya India ikatangaza kuziuza kwa dola 350. Hapakuwa na muujiza: sheria ya India ya mwaka 1970 ililinda njia ya kutengeneza dawa, si dawa yenyewe. Mwaka huohuo Kenya ilitunga Sheria ya Mali ya Viwanda, iliyofungua mlango kwa dawa hizo.

Mlango huo ulikaribia kufungwa na Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008. Tafsiri yake ya bidhaa bandia iligusa haki za ubunifu zilizopo Kenya "au kwingineko". Kwa maneno mapana hivyo, dawa halali isiyo na jina la kibiashara ingeweza kuzuiwa bandarini pamoja na vidonge vya chokaa. Mahakama ilisimamisha vifungu hivyo kwa muda mwezi Aprili 2010, hata kabla Katiba mpya haijapitishwa.

Katika hukumu, Jaji alikataa hoja ya Serikali kwamba sheria ilikusudia kumlinda mlaji. Alisema uhai, utu na afya, vinavyolindwa na ibara za 26, 28 na 43, haviwezi kuachwa mikononi mwa maofisa wa forodha wenye kutafsiri maneno yenye utata. Naona hapo ndipo penye uzito: hakusubiri mgonjwa akose dawa kwanza. Tishio lilitosha.

Wanafunzi wetu hunukuu Azimio la Doha la 2001 na kuiruka hukumu hii, kana kwamba Nairobi ni mbali kuliko Qatar. Mgonjwa wa Kisawasawa anayefuata dawa Ifakara hutegemea viwanda vilevile vya India. Na India yenyewe, tangu Januari 2005, inatoa hataza kwa dawa mpya.