Ufa uliokimbia kilomita 13

Nilipokuwa nyumbani Ziba mzee mmoja aliniuliza: "Mjukuu wangu, hilo bomba likipasuka Sojo, ufa hautakuja mpaka huku kwetu?" Sojo ni kule Nzega, palipojengwa kiwanda cha kuyavika koti la kutunza joto mabomba ya EACOP, lile bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Tanga. Nikacheka. Niliporudi chuo nikasoma, aibu ikanishika.

Manake imeshatokea. Mwaka 1960 huko Marekani, bomba la Transwestern la inchi 30 lilikuwa linajaribiwa kwa gesi. Likapasuka, na ufa ukakimbia kama kilomita 13!

Ni mashindano ya mbio. Bomba likitoboka, presha inashuka, lakini huko kushuka kunasafiri ndani ya gesi kwa mwendo wa sauti, karibu mita 400 kwa sekunde. Chuma kinachovunjika kama chungu huchanika haraka kuliko hapo, basi ncha ya ufa inakuta presha nzima kila inapofika. Chuma kinachovutika huchanika polepole, gesi inapungua mbele yake, ufa unasimama.

Miaka ya 1970 akina Maxey wa maabara ya Battelle walichora mistari miwili kwenye karatasi, mmoja wa ufa, mmoja wa gesi. Wa gesi ukibaki mbele, salama. Halafu vikaja vyuma vipya vyenye nguvu zaidi: hesabu ikasema ufa utasimama, kwenye majaribio ukaendelea. Ndipo kompyuta ikachukua nafasi. Programu inaligawa bomba vipande vidogo maelfu, na kila kimoja kinahesabiwa chuma kinavyovutika, gesi inavyotoka mdomoni mwa ufa, hata udongo wa juu unavyokandamiza. Ila majibu yake yanapimwa kwa kupasua bomba halisi, asikudanganye mtu kwamba kompyuta inajua yenyewe.

Sasa la mzee. Mafuta hayashindiliki kama gesi. Yakitoka kidogo tu presha inaanguka, ufa unakosa wa kuusukuma. Hofu ya Sojo ni mafuta kuvuja mashambani na visimani. Swali lake hasa ni la bomba la gesi la Mtwara hadi Dar, la inchi 36, lililozinduliwa Oktoba 2015. Likizo ijayo nitamfuata nimjibu, nianze na kuomba radhi.